Unga wa Kizingiti

Asubuhi ile Yasadi, bawabu wa nyumba ya Dagoni, alichekecha chokaa juu ya kizingiti mahali pa unga wa shayiri, kama alivyokuwa akifanya tangu mwezi ulipoandama. Alipiga magoti upande wa ndani, akalitikisa chekeche kwa kiganja, akangoja vumbi jeupe litue juu ya jiwe zima pasipo kubakia doa. Chokaa yenyewe aliikwangua kwenye kuta za nyumba zilizobomolewa na mawe ya Wamisri, akaitwanga mpaka ikalainika. Aliyeitazama kutoka uwanjani asingeweza kuitenga na unga. Na unga uliostahiki kulala pale ulikuwa umefungwa katika kitambaa, umekaa ubavuni mwake chini ya joho, ungali na ubaridi wa ghala ya mungu.

Sisi watu wa Ashdodi jiwe lile hatulikanyagi. Tangu siku ambayo sanamu ya Dagoni ilikutwa imelala kifudifudi, kichwa na viganja vimekatikia hapo hapo kizingitini, habari ambayo wazee wetu hawapendi kuisimulia mbele ya wageni, kila aingiaye huruka. Makuhani huruka, majemadari huruka na panga zao, na mwenye mimba hubebwa na nduguze. Kila alfajiri bawabu hulitandazia jiwe unga, kwa kuwa Dagoni ni mungu wa nafaka. Kila machweo huufagia na kuuteketeza madhabahuni, usiliwe na mtu. Mwenye damu mikononi akikimbilia humo, akaruka pasi na kuugusa unga kwa mguu wake, huwa mgeni wa mungu, na hapana awezaye kumtoa. Akiacha alama, hukabidhiwa kwa wenye kisasi, nao hummaliza kabla maiti yao haijazikwa. Pakiwa na shaka, bawabu ndiye shahidi. Naye mwenye kuula unga ule pasipo kiapo, sheria yetu haina maneno mengi juu yake: hufunguliwa lango, akatolewa nje kwa maadui, yeye na kila aliyekula pamoja naye.

Wamisri walikuwa wametuzingira muda mrefu, hata wapo watoto waliokwisha kuota meno yote pasipo kuwahi kuuona upande wa pili wa ukuta. Mkate wetu ulikuwa wa makapi ya dengu na mizizi. Nguruwe walikwisha, mbwa walikwisha. Njaa ilipozidi, walikuwapo walionung'unika juu ya chakula kinachoteketezwa kila jioni, lakini walinung'unika majumbani mwao. Hadharani tulijivuna: mji usiomnyima mungu riziki yake haujashindwa.

Adaya, binti yake Yasadi, alifiwa na mumewe juu ya ukuta, akabaki na mtoto mchanga. "Baba, maziwa yamekatika," alimwambia siku moja, wala hakulia alipolisema. "Namnyonyesha ngozi tu." Kesho yake Yasadi alikwenda kukwangua chokaa.

Basi siku hiyo jua lilikuwa limepanda juu ya mapaa pale yowe lilipozuka upande wa birika la maji. Yasadi alisimama. Aliona mtu anakuja mbio kuvuka uwanja, nguo imemlowa chapachapa na kumnata miguuni, mdomo wazi. Mtu yule hakupunguza mwendo. Alipofika mlangoni alijitupa hewani kama anayevuka mto, akaanguka ndani kwa bega na shavu, na nguo yake iliyolowa ikaburuta nyuma yake, ikapiga juu ya kizingiti na kuacha mchirizi katika ule weupe.

Yasadi alikuwa karibu kiasi cha kurushiwa maji usoni. Aliuona mguu ukipita. Uliacha nafasi ya viganja viwili juu ya jiwe, ukatua ndani, sakafuni.

"Nimeruka," alisema yule mtu, akimng'ang'ania magoti. Alikuwa Kalitu, mfinyanzi wa mtaa wa tanuri. "Mzee, umeona? Sema umeona."

"Tulia kwanza. Umefanya nini?"

"Alinikata zamu. Nimepanga foleni tangu usiku, naye kaja na mtungi wake kama birika la babake! Nikamsukuma. Naapa kwa jina la Dagoni, nilimsukuma tu. Akaangukia kisogo kwenye ukingo."

"Nani?"

Kalitu alimwachia magoti, akatazama chini.

Jibu lililetwa na umati. Mbele yao alikuwa Mitini, mwana wa Wanati, dada yake Yasadi. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni. Alijizuia ukingoni kabisa mwa kizingiti, vidole vya miguu vikigusana na jiwe.

"Mjomba! Mtoe huyo. Kamuua Ruki."

Yasadi alihisi kitambaa cha unga kikimbana ubavu. Ruki alikuwa mpwa wake wa pili, kijana mwenye haraka katika kila jambo, ambaye juzi tu alikuja kumtengenezea Adaya bawaba ya mlango, akaondoka bila kungoja hata ahsante. Bawabu alitaka kuketi, wala hapakuwa na mahali pa kuketi.

"Njoo nje, we chungu cha nyufa!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Jana alikuwa hata ndoo haimudu," mwanamke akadakia, "leo karuka kama swala. Kumbe dawa ya mgongo ni kuua!"

Wachache walicheka, kisha wakaona haya.

"Hakuruka huyo," akasema Mitini. "Tazameni wenyewe. Huo hapo mburuto wa kisigino." Alinyoosha kidole kuelekea ule mchirizi. "Mjomba, si ulikuwepo? Sema tu watu wasikie, nimchukue. Mama yuko njiani anakuja."

Kuhani Yairu alifika akitokea ndani, akijisaidia kwa fimbo. Alikuwa mtu mnene kabla ya vita. Sasa ngozi ya shingo ilimning'inia kama nguo ya kuazima. Aliinama juu ya jiwe akautazama mchirizi kwa muda, naye Yasadi akawa anautazama uso wa kuhani, akihofu kwamba pale maji yalipomwagikia, chokaa ingejifichua. Haikujifichua. Macho ya Yairu yalikuwa mabovu.

"Pana alama," alisema kuhani. "Alama yaweza kuwa ya mguu, yaweza kuwa ya nguo. Nguo si mguu. Hilo liliamuliwa kabla yetu. Bawabu, ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa, bwana."

"Mguu wake uligusa, au haukugusa?"

Yasadi alifahamu vyema lililokuwa mbele yake. Akisema uligusa, shauri lingekwisha pale pale. Wenye kisasi wangeridhika. Dadake angepata damu ya mwanawe. Kitambaa kingefika nyumbani na mtoto angekunywa uji. Akisema haukugusa, Mitini angepinga, na shahidi akipingwa hula kiapo, na kiapo cha shahidi ni kimoja tu: mwenye kusema na mwenye kupinga huchotewa kila mmoja wao unga kidogo kizingitini, wakautia mdomoni mbele ya watu, wakasema, "Nikisema uongo, nafaka na iwe vumbi kinywani mwangu." Na wote wawili wangeonja chokaa.

"Macho yangu, bwana..." alianza kusema.

"Yamefanya nini macho yako?"

"Ilikuwa ghafla. Maji yalinirukia."

"Bawabu asiyeona, tumemweka hapa wa nini?" akauliza Yairu, pasipo ukali, kama mtu aliyechoka kweli na anayetaka kujua.

Kalitu alikuwa amekaa sakafuni, ameukumbatia mguu wake uliotua vibaya. Hakusihi tena. Alimtazama bawabu kwa namna ya mtu anayetazama chombo motoni, ambaye hana la kukifanyia tena ila kungoja kama kitapasuka.

Umati ukapasuka kati, akapita Wanati. Alikwisha kujimwagia majivu kichwani, na kifua cha nguo yake kilikuwa na damu pale alipokipakata kichwa cha mwanawe. Hakupiga kelele. Alisimama kando ya Mitini, akasema:

"Kaka. Wananiambia wewe ndiye uliyeona."

"Dada, mungu akupe..."

"Aliruka au hakuruka?"

Mara nyingi katika maisha yake Yasadi alikuwa amemficha dada huyu mambo: ugonjwa wa baba yao, deni la mahari, maneno ya watu. Hakuwahi kumficha kwa kumtazama machoni.

"Aliruka," alisema. "Mguu haukugusa. Iliyogusa ni nguo."

"Mjomba!" Sauti ya Mitini ilipanda ikakatika. "Mjomba, una akili kweli? Ruki yuko kule chini nzi wanamjaa, na wewe unamtetea huyu? Kakupa nini? Vyungu?"

"Hakunipa kitu."

"Basi naapa kinyume chako. Bwana Kuhani, napinga! Na tule unga, mimi na yeye, hapa hapa, tuone nani atakabwa nao."

Wanati alimtazama kaka yake kitambo kidogo, kisha akageuka, akapita alikopitia, na watu wakampisha tena. Tulidhani anarudi birikani kwa maiti yake.

Yairu aliweka fimbo chini, akapiga goti kwa taabu. Alinyoosha vidole vitatu, akachota ule weupe kutoka sehemu kavu ya jiwe, akamgawia Mitini katika kiganja. Akachota tena, akamnyooshea bawabu. Mitini alikuwa tayari ameinua mkono kuelekea kinywani.

"Usile," alisema Yasadi.

"Unaogopa sasa?"

"Usile, mwanangu. Si unga. Ni chokaa."

Kuhani alibaki na vidole vyake hewani. Halafu akaupeleka kwenye ncha ya ulimi, akatema. Mitini naye akaonja, akatema, akajifuta ulimi kwa mkono, akasahau kuwa mkono una damu ya nduguye, akatema tena kwa kichefuchefu. Tulisikia njiwa kwenye boriti.

"Tangu lini?" akauliza Yairu.

"Tangu mwezi ulipoandama."

"Na unga wa mungu?"

Yasadi alitia mkono chini ya joho, akatoa kitambaa, akakiweka sakafuni mbele ya kuhani. "Huu ni wa leo. Wa siku nyingine ameula mjukuu wangu. Mimi sikula, wala mamaye hakula. Mtoto peke yake."

Mitini alizinduka. "Basi imekwisha! Kama hakuna unga, hakuna kizingiti. Hakuna kizingiti, hakuna hifadhi. Nipeni mtu wangu!"

Sauti zikamuunga mkono. Lakini Yairu alikuwa amekaa pale chini, kitambaa mbele yake, akifikiri, na kila alivyofikiri ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mzito. Mwisho aliinua mkono.

"Mwezi huu waliruka hapa majemadari wa mitaa yote," alisema, "wakaapa kwamba hawatamfungulia Mmisri lango kila mmoja kwa siri yake. Waliapa juu ya jiwe hili. Nikisema jiwe leo halikuwa jiwe, basi na siku ile halikuwa. Nani kati yenu anataka majemadari wale wasikie kwamba wako huru?" Alingoja. "Jiwe ni la Dagoni hata likiwa tupu. Shahidi ametaja dhambi itakayomuua, na hakuwa na haja ya kuitaja ila kwa kusema kweli. Mfinyanzi atakaa ndani. Bawabu atahukumiwa kesho, baada ya mazishi, yeye na aliyekula naye."

"Aliyekula naye ni mtoto wa miezi!" mwanamke mmoja alisema.

"Sheria siyo mimi niliyeitunga, mama."

Hapo Mitini alilia, kwa mara ya kwanza tangu afike, akijipiga paja kwa ngumi. Na huenda shauri lingeishia katika kilio hicho, lau asingekuwapo mtu nyuma ya umati aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei sokoni:

"Kwani unga wenyewe uliobaki uko wapi? Nyumbani kwake?"

Walitazamana. Mimi nilikuwamo, na ninajua tumbo langu liliniambia nini. Aliyeanza kuondoka aliondoka kwa kutembea. Wa pili akatembea haraka. Halafu uwanja mzima ulikuwa unakimbia kuelekea mtaa wa mabawabu, na Mitini mbele yao, machozi hayajamkauka.

"Adaya!" alisema Yasadi, na akakimbia.

Hakuruka. Alikanyaga kizingiti kwa unyayo mzima, katikati ya chokaa, akapita.

"Mzee!" Kalitu alimpigia kelele kutoka ndani. "Mzee, umekanyaga!" Lakini Yasadi hakusikia, na hapakuwa na mwingine wa kusikia isipokuwa kuhani, ambaye alikuwa akihangaika kuinuka.

Nyumba ya bawabu ina mlango mmoja, mwembamba. Tulipofika tulikuta mlangoni ameketi Wanati. Alikuwa amekalia ardhi, mgongo umeegemea mwimo huu, miguu imenyooka hadi mwimo ule, na damu kifuani ilikuwa imeanza kukauka na kugeuka rangi. Kwetu sisi mama aliyefiwa havukwi, madhali mwanawe yuko juu ya ardhi. Hata Wamisri, nadhani, wangesita.

Mitini alisimama mbele ya nyayo zake.

"Mama, inuka. Mna unga humo ndani. Unga wa mungu."

"Najua. Niliuona uji wa mtoto, nikajua jiwe halina unga; ulipotaka kiapo nikaja hapa."

"Inuka basi."

"Nivuke. Si una haraka? Mvuke mama yako na damu ya nduguyo nguoni mwake. Hawa nao watakufuata."

"Mama, huyu kamwachia muuaji wa Ruki!"

"Sijasema hakumwachia. Nimesema nivuke."

Hakumvuka. Waliokuwa nyuma walisukuma, waliokuwa mbele wakasukuma kurudi nyuma, na kwa muda tulikuwa kundi moja la viwiko na matusi. "Bibi, sisi nasi tuna watoto!" mtu alisema. "Basi nendeni mkakae nao," akajibu Wanati. Mzee mmoja alijaribu kupenya kupitia dirishani. Adaya alimpiga kwa mwiko usoni, watu wakamcheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuvunja nguvu. Tulibaki tumesimama, hatuingii wala hatuondoki.

Yasadi alifika akihema. Alipomwona dada yake alipiga magoti.

"Usinishukuru," alisema Wanati kabla hajafungua kinywa. "Sikukaa hapa kwa ajili yako."

"Dada..."

"Ungesema neno moja tu. Moja. Sasa hivi aliyemuua mwanangu anakunywa maji ya Dagoni."

"Ningekuwa nimesema uongo."

"Ungekuwa umesema uongo. Na kila alfajiri ulipokuwa unatikisa hilo chekeche lako, ulikuwa unasema nini?"

Yasadi alitazama mikono yake. Chokaa ilikuwa imemwingia katika mistari ya viganja.

"Wakikuhukumu," aliendelea dada yake, "nitasimama upande wa Mitini. Ujue. Sitasema wakuachie." Aligeuza uso kidogo kuelekea ndani. "Adaya!"

"Labeka, Shangazi."

"Unga umebaki kiasi gani?"

"Kidogo. Chini ya kibuyu."

"Upike wote. Wote, sasa hivi. Mlishe mtoto mpaka ashibe. Watakaokuja baadaye wakute sufuria tupu."

Ndani tukasikia kuni zikivunjwa. Harufu ilipotoka, harufu ya shayiri, ambayo wengi wetu tulikuwa hatujainusa tangu mavuno ya mwisho, watu walifumba macho. Mwanamke aliyesimama karibu nami alianza kutafuna, hali kinywani hana kitu. Walinzi wa hekalu walikuja wakamshika Yasadi mikono, mmoja kila upande, naye hakubisha. Aliomba tu wamwache asimame pale, nao wakamwacha.

Jua lilikuwa linashuka walipofika wabeba jeneza. Walikuwa wamemwosha Ruki na kumfunga sanda, na jeneza walilitua katikati ya njia, kwa kuwa kwetu mama ndiye hutangulia, na maiti haisogei mpaka yeye asogee. Mitini alimwendea kwa mara nyingine, safari hii bila hasira.

"Mama, tayari. Giza likiingia hatutamzika leo. Atalala juu ya ardhi."

Wanati aliweka mkono chini, kama anayetaka kuinuka. Alilitazama jeneza, akatutazama sisi wote tuliokuwa tukingoja mlango ubaki wazi.

"Adaya," aliita, "amemaliza?"

"Bado, Shangazi. Anakula polepole. Hajazoea kingi."

Wanati aliuondoa mkono udongoni, akaurudisha pajani.

"Mwambieni Ruki anisubiri," alisema.

Na pale kwenye njia wabeba jeneza walibaki wamesimama, wakiangalia anga.